Semboja wa Mazinde na Njia ya Misafara

Wasikilizaji wetu, na ninyi mtakaoyasoma mazungumzo haya kitabuni, leo twataka kuwasimulia habari za Semboja, mtoto wa Kimweri, zumbe wa Mazinde. Mtu huyu alikaa chini ya milima yetu ya Usambara, akaishika njia ya misafara kwa muda wa miaka karibu thelathini. Wazungu waliopita njia ile walimwita mnyang'anyi. Wafanya biashara wa Pangani walimwona kuwa mkubwa wa nchi, wakampelekea zawadi. Nasi tulio wana wa milima twauliza: je, tumwite mfalme, au tumwite mwizi wa njiani? Swali hili si la mchezo, maana watu wengi wa nchi hii walipotea katika siku zake, na jamaa zao hawakuwaona tena.

Kwanza na tuitazame nchi yenyewe. Mtu akitoka Soni, akaifuata barabara iteremkayo Mombo, ataona jinsi mlima unavyokatika ghafula. Juu kuna baridi, ukungu, migomba na vijito visivyokauka. Chini ni joto, miiba na vumbi. Wazee wa Kishambaa waliigawa dunia yao kwa namna hiyo hiyo. Shambaai, yaani mlimani, ndiko kulikokaa watu. Nyikani kulikuwa na homa, wanyama wakali, na vikosi vya Wamaasai waliotafuta ng'ombe. Mshambaa mwenye akili hakujenga nyumba yake nyikani. Mji mkuu wa wafalme, yaani Vugha, uko juu, si mbali na Soni, upande wa barabara iendayo Bumbuli. Bali Mazinde iko chini kabisa, mbele ya Mombo kwa upande wa kaskazini-magharibi, mahali ambapo ukuta wa mlima unasimama juu ya uwanda.

Basi kwa nini mtoto wa mfalme alipenda kukaa mahali pa joto namna ile? Jibu ni njia. Misafara iliyotoka Pangani ilifuata bonde la mto, ikapita Korogwe, ikapita chini ya milima yetu, kisha ikaendelea kuelekea Upare, Kilimanjaro na nchi ya Wamaasai. Wapagazi walipandisha bara nguo za merikani na kaniki, shanga, nyaya za shaba, bunduki na baruti. Waliporudi walichukua pembe za ndovu, na mara nyingi waliongoza watumwa waliofungwa. Njiani walihitaji maji, chakula na mahali pa kupumzika, na Mazinde palikuwa na hayo yote. Aliyeishika Mazinde aliushika mlango.

Kimweri ye Nyumbai, baba yake Semboja, alitawala miaka mingi, mpaka alipokufa mwaka 1862. Enzi yake ilienea toka milimani hata pwani, kati ya Pangani na Vanga, na majumbe wa mrima walimtambua. Mmisionari Krapf alifika kwake Vugha mwaka 1848, akarudi tena mwaka 1852. Nao Burton na Speke walifika mwaka 1857, Kimweri akiwa amekwisha kuwa mzee sana. Watu walimwamkia mfalme kwa jina la Simba Mwene, nao wakampelekea kodi ya mifugo na chakula, na kumlimia mashamba yake. Kodi hiyo haikutolewa kwa hofu tu. Washambaa walisadiki kwamba mfalme aliweza kuleta mvua na kuizuia. Neno lao lilikuwa kuzifya shi, maana yake kuiponya nchi. Mfalme aliyeshiba kodi ya nchi yote hakuwa na sababu ya kuiharibu. Lakini watu wawili wakishindana juu ya ufalme, kila mmoja aliweza kuitesa nchi ili amshinde mwenzake. Ndiyo maana wazee walitaka mfalme awe mmoja.

Kimweri alipokufa, mrithi wake Mshuza alikuwa amekwisha kumtangulia kaburini. Kwa hiyo ufalme ukamwendea mjukuu, jina lake Shekulwavu, mwana wa Mshuza. Semboja alikuwa baba mdogo wa kijana huyo. Kwa desturi ya Wakilindi ilimpasa amheshimu kama mfalme, naye kijana ilimpasa amsikilize kama mzazi. Hawakuwezana. Semboja alikuwa na bunduki na mali ya njia. Shekulwavu alikuwa na Vugha na heshima ya mvua. Kabla ya miaka kumi kwisha vita vikatokea. Wabondei, waliokuwa chini ya Wakilindi, waliwaondokea watawala wao katika maasi waliyoyaita kiva, na Semboja akawa upande wa maadui wa mjukuu wa baba yake. Vugha ikatwaliwa. Shekulwavu akakimbia, naye hakuishi sana baada ya hayo. Ndugu zake wakaendelea kupigana kutoka upande wa mashariki, na vita vile havikupata mwisho mpaka Wadachi walipoingia.

Sasa tazameni alivyofanya Semboja baada ya kushinda. Aliweza kukalia kiti cha Vugha mwenyewe, lakini hakukitaka. Alimweka mwanawe Kimweri Maguvu awe mfalme huko juu, naye akabaki Mazinde. Kwa tendo hilo aliwaonyesha watu wote kwamba nguvu za nchi zimehama. Zamani nguvu zilikaa mlimani, katika mvua na matambiko. Sasa zilikaa nyikani, katika baruti. Mwenyewe alijua Kiswahili, akavaa mavazi ya watu wa pwani, na karibu yake walikuwapo wapiganaji wa makabila mengi, Wazigua, Wataita, na hata Wamaasai. Watu hao hawakumfuata kwa ajili ya mizimu ya Wakilindi, maana mizimu ile haikuwa yao. Walimfuata kwa sababu aliwagawia nguo na mateka.

Hapana budi tueleze jambo la hongo, ili tusimhukumu mtu kwa haraka. Katika siku zile kila mwenye nchi aliyepitiwa na njia alitoza hongo. Wagogo walitoza kwa ajili ya maji yao, na wasafiri wote walinung'unika, lakini walilipa. Msafara ulipofika, mkuu wake alituma salamu na zawadi. Mwenye nchi akataja hesabu ya nguo anazotaka. Wakabishana, wakapatana, kisha soko likafunguliwa na wapagazi wakanunua chakula. Hongo ikilipwa, msafiri huwa mgeni, na mgeni hulindwa. Hiyo ilikuwa sheria, nasi hatuwezi kuiita wizi.

Lakini kati ya hongo na unyang'anyi pana hatua moja fupi tu. Mwenye nchi akiona msafara ni dhaifu, huongeza hesabu. Akiwacheleweshea ruhusa, chakula huwaishia, wapagazi hutoroka usiku, na mizigo hubaki bila wachukuzi. Hapo mali hubadilika mwenyewe bila risasi hata moja kupigwa. Aliye hodari wa kazi hiyo huweza kusema kwamba hakumwibia mtu. Njaa na hofu ndizo zilizomfanyia kazi. Hivyo njia ya Mazinde ikapata sifa mbaya, na wasafiri wakawa wakiuliza mbele kabla ya kufika: leo Semboja ana moyo gani?

Tena bunduki hazikupatikana bure. Wafanya biashara wa Pangani walitaka pembe, na pembe zilikuwa zikipungua; walitaka pia watumwa. Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Unguja alikubali kuipiga marufuku biashara ya watumwa baharini, lakini mashamba ya miwa kando ya mto Pangani yaliendelea kuhitaji mikono, na njia za nchi kavu zilibaki wazi. Watumwa hao walitoka wapi? Wengine walitekwa vitani. Wengine walikuwa watu wa Shambaai wenyewe. Zamani mtu aliyepatikana na hatia kubwa aliweza kutwaliwa na mfalme, akae Vugha kama mtumwa wa nyumba ya kifalme. Alibaki katika nchi ya lugha yake, na ndugu zake waliweza kumwona. Katika siku za vita vya Wakilindi mtu wa namna hiyo alipelekwa pwani kubadilishwa kwa baruti. Mwanamke aliyekwenda mtoni peke yake, mtoto aliyetumwa kwa mjomba wake, kijana aliyechelewa shambani, hao wote waliweza kukamatwa na kuteremshwa nyikani. Wapiganapo tembo, nyasi huumia. Lakini hapa nyasi hazikukanyagwa tu, bali zilikatwa na kuuzwa.

Tumeitaja nguo ya merikani. Jina lake limetokana na nchi ilikotoka, yaani Marekani, na nchi hiyo nayo ilikuwa na wanyang'anyi wake wa njiani katika miaka ile ile. Mashuhuri kati yao alikuwa Jesse James, mzaliwa wa Missouri, mwaka 1847. Kule pia mambo yalianza na vita vya ndugu kwa ndugu, vilivyopiganwa mwaka 1861 hata 1865. Jesse James aliviingia angali kijana, katika vikosi vya kuvizia, na vita vilipokwisha hakurudi katika kazi ya shamba. Alianza kuiba katika benki, kisha akageukia magari ya moshi. Tarehe 21 Julai 1873, karibu na Adair katika jimbo la Iowa, yeye na wenzake waliing'oa reli, gari likapinduka, dereva wake akafa, nao wakachukua fedha. Gazeti moja la Missouri lilimpamba sana, na wengine wakasema kwamba aliwanyang'anya matajiri akawapa maskini. Lakini ushahidi wa maskini aliyepewa haukuonekana. Tarehe 3 Aprili 1882 alipigwa risasi kwa nyuma na Robert Ford, mtu wa kundi lake mwenyewe, aliyetaka zawadi ya serikali.

Twawataja watu hawa wawili pamoja ili ionekane kwamba mambo ya Mazinde hayakuletwa na tabia ya kabila fulani. Mahali po pote ambapo vita vimevunja sheria, na mali nyingi yapita njia moja, hutokea mtu wa kuikalia njia ile. Hata hivyo wana tofauti kubwa. Jesse James hakukabidhiwa kulinda kitu. Alikuwa mkimbizi, akilala leo hapa na kesho kule. Semboja alikuwa mwana wa Simba Mwene. Njia ilikuwa yake kuilinda, na watu waliouzwa walikuwa wake kuwaponya. Mwizi akivunja nyumba ni mwizi. Mlinzi akiivunja nyumba aliyopewa kuilinda, twamtafutia jina gani?

Mwaka 1888 mambo ya dunia yalifika mlangoni pa Mazinde. Wazungu wawili, Hans Meyer na Oscar Baumann, walisafiri katika Usambara wakiwa na mizigo mingi, nia yao kwenda mpaka Kilimanjaro. Wakati huo huo pwani iliwaka moto, kwa kuwa watu wa mrima, wakiongozwa na Abushiri bin Salim, waliikataa Kampuni ya Wadachi. Habari zilipofika bara, wapagazi wa Meyer walitoroka. Mizigo na bunduki zikatawanyika, na sehemu yake ikaingia mikononi mwa Semboja. Wale Wazungu wawili walipojaribu kurudi pwani walikamatwa na watu wa Abushiri, wakafungwa minyororo, hata wakakombolewa kwa fedha, kwa msaada wa Sewa Haji, tajiri Mhindi. Meyer hakukata tamaa. Alirudi mwaka uliofuata kwa njia nyingine, na tarehe 6 Oktoba 1889 alifika kilele cha Kibo pamoja na Ludwig Purtscheller.

Abushiri alinyongwa Pangani mwezi wa Desemba mwaka ule ule. Semboja hakuwa mjinga. Alitambua kwamba mlango wa pwani umepata bwana mpya, mwenye mizinga. Hakupigana. Alidaiwa bunduki alizozitwaa, akakubali kuipokea bendera ya Wadachi. Nao Wadachi, walipotaka mahali pa kujenga kituo chao chini ya milima, walichagua wapi? Walichagua Mazinde. Hawakuona mahali pafaapo kuliko pale, kwa sababu zile zile alizoziona Semboja kabla yao.

Mwisho wa nyumba yake ulikuja upesi. Kimweri Maguvu alikufa mwaka 1893, akafuatwa na Mputa. Mwaka 1895 Semboja mwenyewe akafa, na katika mwaka huo huo Wadachi wakamtia Mputa kitanzini kwa kosa la kuua mtu. Ndipo wakamweka Kinyashi, mtu wa upande ule wa Shekulwavu uliokuwa umefukuzwa zamani, awe mfalme Vugha. Bunduki zilizokusanywa kwa miaka thelathini hazikuweza kumwokoa mwana wa ukoo ule. Na watu waliouzwa kwa ajili ya bunduki hizo hawakurudi.

Wasikilizaji, msidhani ya kwamba njia ilipumzika. Mwaka 1893 Wadachi walianza kujenga reli kutoka Tanga. Ilifika Korogwe mwaka 1902, Mombo mwaka 1905, na Moshi mwaka 1911, ikipita chini ya milima karibu na pale pale ilipokuwa njia ya misafara. Gari la moshi likachukua kwa siku moja mizigo ambayo wapagazi wangeichukua kwa majuma. Hongo ya Mazinde ikafa. Lakini reli na mashamba ya walowezi vilihitaji watu wa kazi. Mwaka 1907, katika wilaya ya Wilhelmsthal, ndiyo Lushoto ya leo, ikaanzishwa kadi: mwanamume aliyepewa kadi ilimpasa amfanyie Mzungu kazi siku 30 katika kila miezi 4, ama sivyo angeshikwa kwa kazi za serikali. Mshambaa wa Soni aliyesikia filimbi ya gari la moshi kutoka Mombo aliweza kukumbuka kwamba njia ile ilikuwa imekwisha kuwaita baba zake, nao hawakuitwa kwa hiari.

Sasa turudi katika swali letu. Wale Wazungu walimwita Semboja mnyang'anyi kwa sababu ya mizigo yao. Sisi hatuna haja ya kuilia mizigo ile. Waliokuwa na mizigo walipata fidia au walinunua mingine, na wengine wao walikuja kuitwaa nchi yote, jambo lililo kubwa kuliko kutwaa marobota ya nguo. Tena misafara ya pwani haikuwa ya watu safi, maana wengi wao walirudi na binadamu shingoni mwa kamba. Kama kosa la Semboja lingekuwa hongo peke yake, tungesema kwamba alikuwa mwenye nchi mkali, basi.

Wako pia wanaomtetea, nao wana hoja. Husema kwamba aliutambua ulimwengu mpya kabla ya wakubwa wenziwe. Kimweri mzee alikaa juu ya mlima akifikiri kwamba mvua itatosha. Semboja alijua kwamba mwenye bunduki atamshinda mwenye mvua, naye akajitayarisha. Hoja hiyo ni ya kweli nusu. Bunduki zake hazikumwelekea mgeni aliyeichukua nchi. Zilimwelekea mwana wa ndugu yake, zikawaelekea Wabondei na majirani, na zilipohitajika kwa kazi kubwa zilinyamaza.

Basi sisi twapima kwa kipimo cha wazee, ambacho hakikuwa na habari za merikani wala pembe. Wao waliuliza: huyu mtu ameiponya nchi au ameidhuru? Kwa kipimo hicho Semboja ameanguka. Alipata mali iliyopita mbele ya mlango wake, lakini hakuna kijiji cha Shambaai kilichoshiba kwa mali hiyo, na viko vijiji vilivyolipa kwa watoto wao. Mtu akiteka msafara wa mgeni, mgeni huyo aweza kumshtaki. Mkubwa akiteka watu wake mwenyewe, hapana baraza la kumshtaki, ila baraza la wajukuu wao.

Habari nyingi za mambo hayo zimehifadhiwa katika kitabu kiitwacho Habari za Wakilindi, kilichoandikwa na Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy, mtu aliyekaa katika mabaraza ya Wakilindi na kuwajua. Kilipigwa chapa Magila kwa sehemu, kati ya mwaka 1895 na 1907. Kila shule ya nchi hii yafaa iwe nacho. Lakini kitabu hicho ni habari za wakubwa. Habari za wale walioteremshwa Mazinde wamefungwa kamba hazikuandikwa na mtu. Wanafunzi mnaotusikiliza, nendeni mkawaulize babu na bibi zenu majina ya watu wa ukoo waliopotea katika vita vya Wakilindi. Mkiyapata, yaandikeni, hata yakiwa mawili au matatu tu, mkayaweke pamoja na majina ya wafalme.